Wafuasi elfu sita, oda tatu kwa wiki

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34, na ninaishi Mwanza. Kwa miaka mitano nilikuwa nikiuza dagaa kwa jumla katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwenye meza ya mama yangu mzazi. Mwaka juzi niliamua kuanzisha kitu changu mwenyewe. Ninachagua dagaa wazuri, ninawatoa vichwa, ninawaosha na kuwakausha upya, wengine ninawakaanga kwa mafuta na chumvi kidogo, kisha ninawafunga katika pakiti za nusu kilo zenye nembo yangu. Wateja ninaowalenga ni watu wa Dar es Salaam, Dodoma na Arusha wanaopenda dagaa wa Mwanza lakini hawana muda wa kukaa chini kuwachambua. Mzigo ninautuma kwa basi.

Nilifungua ukurasa wa Instagram, na baada ya miezi sita nilikuwa na wafuasi kama 400, wengi wao ndugu, majirani na watu niliosoma nao. Mtoto wa dada yangu, ambaye yuko chuoni, aliniambia kwamba hakuna mtu anayenunua kwenye ukurasa wenye wafuasi wachache, akaniunganisha na kijana anayeuza wafuasi. Nililipa shilingi 40,000, na ndani ya siku tatu nikafikisha wafuasi 6,200. Nilifurahi sana siku zile. Baada ya hapo kimya. Kila picha ninayoweka inapata alama kumi au kumi na mbili za kupendwa, kutoka kwa ndugu walewale. Nikiuza sana ni oda tatu kwa wiki, na hizo nazo hutoka kwa watu walionipata kupitia WhatsApp.

Nimefuata kila ninachoambiwa. Ninaweka picha mara tatu kwa siku, ninaandika mlolongo wa hashitagi, na nimejiunga na kundi la wafanyabiashara wanaofuatana kwa makubaliano ya nifuate nikufuate. Bei siiandiki, kwa sababu niliambiwa kwamba ukiweka bei washindani watakuiga na mteja atakimbia kabla hujazungumza naye, kwa hiyo huandika tu "bei njoo inboksi".

Kuna jambo moja ambalo limeninyima usingizi. Mwezi uliopita mama mmoja wa Dar es Salaam, ambaye alikuwa amenunua pakiti nne, aliandika chini ya picha yangu: "Dagaa ni wazuri ila hawa wa safari hii wana mchanga, watoto wamegoma kula." Nilitetemeka mwili mzima. Niliyafuta maneno yake, na baadaye nikamzuia kabisa asiuone ukurasa wangu. Ukweli ni kwamba mama yule hakusema uongo. Mzigo ule niliununua kwa mtu nisiyemzoea, kwa sababu wangu wa siku zote alikuwa ameishiwa.

Sasa mpwa wangu anasema nitoe zawadi ya pakiti ishirini kwa watakaowaita marafiki zao ukurasani, na nilipie matangazo ya shilingi 200,000. Hiyo laki mbili ndiyo mtaji wangu wa kununulia mzigo. Mume wangu analalamika kwamba ninashika simu mpaka saa sita za usiku. Mama naye anasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, hivyo niachane na simu nirudi sokoni. Je, nilipie hayo matangazo, au nimsikilize mama?

Mchuuzi wa Kirumba, Mwanza

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama mahali palepale, kwenye maneno ya yule mama wa Dar es Salaam uliyoyafuta. Habari ya wafuasi na ya laki mbili tutaifikia, lakini nitaanzia hapo, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya jibu unalolitafuta ilikuwa imeandikwa chini ya picha yako na mkono wa mteja.

Wewe umekulia Mwaloni, kwa hiyo unajua jinsi mnunuzi mzoefu anavyonunua dagaa. Hatazami tu. Anakunja mkono wa shati, anauzamisha mkono ndani ya gunia mpaka karibu na kitako, kwa kuwa anajua kwamba wazuri hupangwa juu, anaibuka na konzi moja, anaipuliza, anatazama kilichobaki kiganjani, kisha anatafuna mmoja ili asikie kama ana uchungu. Mama yako hajawahi kumshika mtu mkono kumzuia, na akifanya hivyo hata mara moja, watu waliosimama karibu watahamia meza ya jirani bila kuuliza sababu. Mama anaposema chema chajiuza anasema kweli, lakini anasema kweli ya mahali ambapo mteja ana mkono, ana pua na ana ulimi.

Kwenye simu mteja hana hata kimoja kati ya hivyo. Amebakiwa na swali tu. Anapoandika "wana mchanga?", au "ni wa lini hawa?", au "mnatuma mpaka Mbagala?", mteja huyo anazamisha mkono ndani ya gunia lako mbele ya watu. Ukimjibu vizuri, yeye na wote wanaosoma bila kuandika wameonja. Ukimnyamazia, au ukamfuta, umeshika mkono wa mteja. Huko ndiko kushirikiana na wateja mtandaoni ninakokufahamu mimi, na kila kitu kingine nitakachokuambia kinatoka humo.

Sikulaumu kwa hofu uliyoipata. Kabla sijaanza kuandika safu hii niliuza vitenge kwa miaka mingi, na ninakumbuka siku mwanamke mmoja aliporudisha kitenge kilichochuja rangi na kukitandaza juu ya meza yangu wakati duka limejaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilimbadilishia kitenge palepale, na wawili kati ya waliokuwa wakitazama walinunua siku ileile, kwa sababu walikuwa wameona kitakachowapata endapo na wao wataharibikiwa. Mteja hategemei kwamba hutakosea kamwe. Anachotaka kujua ni utamfanya nini siku utakapokosea.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujagusa jambo lingine lolote. Mwondolee yule mama kizuizi, kisha mpigie simu. Usimwandikie, mpigie, asikie sauti yako. Mwambie kwamba maneno yake yalikuwa ya kweli, kwamba mzigo ule ulitoka kwa mtu usiyemzoea, kwamba uliogopa ukayafuta, na kwamba unamwomba radhi kwa yote mawili, mchanga na kufutwa. Mtumie pakiti nne nyingine, nauli ya basi juu yako. Kisha mwombe ruhusa ya kulieleza jambo hilo kwenye ukurasa wako bila kumtaja jina. Akikataa, heshimu, lakini lile la mchanga bado unaweza kulizungumza, kwa sababu ni swali la kila mtu anayewajua dagaa wa Mwanza.

Hapo ndipo penye utajiri wako ambao hujaugusa. Watu wengi wa Dar es Salaam wanajua kwamba dagaa wa Ziwa Victoria wanaweza kuwa na mchanga, lakini hawajui kwa nini. Waeleze. Waambie kwamba kwenye baadhi ya mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushusha samaki, dagaa huanikwa moja kwa moja juu ya mchanga wa ufukweni, na kwenye mingine huanikwa juu ya chanja za nyavu zilizoinuliwa kutoka chini, na kwamba wewe unanunua wa chanjani ingawa bei yao ni kubwa kuliko ya wenzao. Waambie pia kwamba wakati wa masika jua likikosekana dagaa huchelewa kukauka na huharibika upesi, na kwamba ndiyo maana miezi hiyo unachagua zaidi na unapata pakiti chache. Kisha waonyeshe. Siku utakayofungua gunia jipya, chukua beseni jeupe la plastiki, lijaze maji nusu, mimina konzi tatu za dagaa, wakoroge taratibu, waache dakika chache, waopoe kwa kichujio, halafu liinamishe beseni polepole mbele ya kamera ya simu mpaka kitako chake kionekane chote. Kama mchanga upo, utajikusanya pembeni kama kivuli cha kahawia. Kama haupo, beseni litabaki jeupe. Usitie muziki wowote. Iache sauti ya maji isikike. Rudia kwa kila mzigo mpya, na siku beseni litakapoonyesha mchanga, waonyeshe vilevile, useme kwamba mzigo huo umeurudisha kuoshwa. Nakuhakikishia kwamba video ya namna hiyo mtu anaitazama mpaka mwisho, kwa kuwa anataka kujua kitako cha beseni kina nini.

Kutazamwa mpaka mwisho si jambo dogo. Tangu mwaka 2016 Instagram kwa kawaida haipangi tena picha kwa kufuata saa zilipowekwa. Inakisia kila mtu angependa kuona nini, na inakisia kwa kutazama alichofanya siku za nyuma: amekaa kwenye video ya nani, amempa nani alama ya kupenda, amemwandikia nani, amemtumia rafiki yake picha ya nani. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amewahi kueleza hadharani kwamba muda ambao watu hutazama, alama za kupenda na kutumiana ni miongoni mwa mambo yanayopewa uzito mkubwa. Sasa jiulize wale wafuasi 5,800 uliowanunua wanafanya nini kati ya hayo. Hawatazami, hawaulizi, hawamtumii mtu yeyote chochote, kwa sababu wengi wa aina hiyo si watu. Ni akaunti zilizotengenezwa ili ziuzwe. Picha yako inapopelekwa kwao inakutana na ukimya, na ukimya huo unahesabiwa kuwa ni ushahidi kwamba dagaa wako hawampendezi mtu. Ulilipa shilingi 40,000 ili uzungukwe na viti vitupu.

Waondoe. Instagram inaruhusu kumwondoa mfuasi mmojammoja bila yeye kuarifiwa, na ukitenga muda mfupi kila siku kwa kuwaondoa wasio na picha wala jina la kueleweka, idadi itashuka taratibu. Itauma kuiona ikishuka, nalijua hilo. Kama yule kijana uliyemlipa alikuomba nywila yako, ibadilishe leo hii na uweke uthibitisho wa hatua mbili, kwa maana akaunti nyingi za biashara hupotea kwa njia hiyohiyo. Toka pia katika lile kundi la nifuate nikufuate. Muuza mikoba wa Iringa anayekufuata ili umfuate ana shida ileile uliyo nayo wewe, na wote wawili mnadanganyana kwa heshima.

Kuhusu bei nitasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa desturi hii imeenea mno na inawaumiza wachuuzi wadogo kuliko mtu mwingine yeyote. Andika bei. Mtu anayekutana na "bei njoo inboksi" hufikiria mambo mawili: ama bei ni kubwa kiasi cha kufichwa, ama muuzaji atautazama kwanza ukurasa wake, aone kama ana gari na nguo nzuri, ndipo ampangie bei. Wengine wanaona haya kuuliza kisha kushindwa kununua, kwa hiyo hawaulizi kabisa. Washindani wako bei yako wanaijua tayari. Wanatembea Mwaloni kama unavyotembea wewe. Andika nusu kilo ni shilingi ngapi, nauli mpaka Dar es Salaam ni ngapi, mzigo unaondoka siku zipi na unapokelewa kituo gani. Baada ya hapo atakayekuja inboksi atakuja akiwa amekwisha kuamua nusu ya safari.

Utaniambia kwamba bei ya dagaa haitulii. Ni kweli, na hilo ndilo jambo ambalo kama ningekuwa wewe ningelizungumza kila mwezi bila kuchoka. Mtu wa Ilala au wa Njiro hajui kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwamba wavuvi huwavuta kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi zikiwa za sola, na kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu tena, mitumbwi hupumzishwa, mzigo huadimika sokoni na bei hupanda. Ukiandika "Wiki hii mbalamwezi ni kali, mialo imetulia, nina pakiti 25 tu za mzigo uliopita, bei inabaki ileile mpaka zitakapokwisha", mteja ameelewa sababu ya uhaba, hakuoni kama mlaghai, na amepata kitu cha kumsimulia mwenzake. Baada ya miezi miwili mitatu utaona watu wakikuuliza wenyewe, "Giza linaanza lini?" Mteja anayeuliza hivyo amekwisha kuingia katika kalenda yako, na mtu wa namna hiyo hanunuliki kwa tangazo.

Acha kuweka picha tatu kwa siku. Weka tatu kwa wiki, na muda uliobaki utumie kujibu. Hata namna ya kujibu inahitaji kujifunza. Mtu akiandika "Hawa wanaonekana watamu", ukamjibu kwa kidole gumba au kwa "asante sana", mazungumzo yamekufia hapo. Mjibu kama unavyomjibu mtu aliyesimama mezani: "Karibu, dada Neema. Hawa ni wa kukaanga, ukiwapata unawala hivihivi na ugali na kachumbari. Kwenu mnawapenda wakavu au wa mchuzi?" Umemtaja jina, umempa habari, umempa mlango wa kurudi. Maswali yanayojirudia, kama nauli na siku za kusafirisha, yaandalie majibu ya haraka katika WhatsApp ya biashara, lakini yasome kabla ya kuyatuma, maana hakuna kinachomchukiza mtu kama kuuliza habari za Dodoma akajibiwa habari za Arusha.

Utaulizwa pia kama dagaa hawa wanafaa kwa mtoto mchanga au kwa mgonjwa. Hapo uwe mwaminifu. Ni kweli kwamba dagaa wana protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake wana madini ya chokaa, lakini wa kukaanga kwa chumvi si chakula cha kumwanzishia mtoto, na masuala ya ugonjwa mwelekeze mteja kwa mhudumu wa afya. Usiandike kamwe kwamba wanatibu kitu. Watakaokuamini kwa uongo huo watakuacha wakiugundua.

Sasa ile zawadi ya pakiti ishirini. Mpwa wako ana nia njema, lakini zawadi ya kuwaita marafiki watatu huleta watu wenye njaa ya zawadi, nao huondoka siku mshindi anapotangazwa. Una kitu cha kuuliza ambacho kila mtu ana jibu lake, nacho hakigharimu chochote. Uliza: "Kwenu dagaa mnawaunga kwa nini?" Wa Tanga atasema tui la nazi, wa kwenu Kanda ya Ziwa atasema karanga, mwingine nyanya chungu, mwingine ukwaju, na wa tano atakuja kubishana na wote wanne. Wakenya wakipita hapo watakwambia kwamba hao ni omena, na Waganda watasema ni mukene. Majina hayo uyaweke katika maandishi yako, kwa sababu yupo Mkenya anayeishi Dar es Salaam anayetafuta omena bila kujua kwamba unao. Kisha chagua jibu moja, lipike kwenye jiko lako Jumamosi, upige picha sufuria likichemka, na useme pishi hili limetoka kwa nani. Yule uliyepika pishi lake atawatumia jamaa zake wote bila kuombwa. Ukitaka kutoa pakiti, mpe huyo.

Utoke pia nje ya ukurasa wako. Kuna kurasa za mapishi ya nyumbani ambako kina mama huulizana namna ya kuondoa uchungu wa dagaa, na wewe jambo hilo unalijua tangu ukiwa mtoto. Jibu kwa ukamilifu, uwaambie watoe kichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya vuguvugu, na usiongeze "tembeleeni ukurasa wangu". Jina lako liko juu ya jibu, anayetaka atalibonyeza. Kutembea kwa namna hiyo si kule anakokusema mama katika methali yake.

Umetaja kwa kupita tu kwamba oda zako zote hutoka WhatsApp, nami nakuomba usilipite jambo hilo. Huko ndiko wateja wako waliko tayari. Kila anayenunua, mwombe ahifadhi namba yako, kwa sababu ile orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa pamoja, inayobeba watu 256, humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya mtumaji. Stetasi nayo hudumu saa 24, hivyo inafaa kwa habari za leo: gunia limefunguliwa, mzigo uko stendi, pakiti zimebaki sita. Usimwingize mtu kwenye kundi bila kumwuliza. Na zile picha za mazungumzo ambazo wachuuzi huzibandika ili kuonyesha kwamba mteja ameridhika, ziombee ruhusa na ufiche jina na namba ya simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika mwaka 2023, lakini hata isingekuwepo, namba ya mtu si mali yako.

Nikuulize jambo moja ambalo hukulitaja. Mteja wa Dar es Salaam anapokulipa, kwenye simu yake linatokea jina gani? Ikiwa ukurasa una jina la biashara na malipo yanakwenda kwa jina la mume au la mpwa, wateja wengi husita palepale, kwa kuwa wamekwisha kutapeliwa kwa namna hiyo. Tafuta lipa namba yenye jina la biashara, na mpaka utakapoipata, andika wazi kwamba jina litakalotokea ni fulani. Baada ya kutuma mzigo, mpe mteja picha ya risiti ya basi ikiwa imelala juu ya boksi lake lenye jina, pamoja na saa ya kuondoka. Akipokea, mwulize baada ya siku mbili kama amepika, na mchanga ulikuwepo au haukuwepo. Swali hilo la mwisho liulize wewe kabla hajalisema yeye.

Kuhusu muda, mume wako ana haki. Tenga dakika sitini asubuhi watoto wakishakwenda shule, na dakika sitini jioni kabla ya chakula, kisha uandike saa hizo ukurasani ili watu wajue watajibiwa lini. Anayetaka dagaa hatakufa kwa kusubiri mpaka asubuhi.

Laki mbili usiitoe sasa. Tangazo linaleta watu mlangoni, na kwa sasa mlango wako hauna bei, una viti 5,800 vitupu, na una mteja mmoja aliyefungiwa nje. Nunua mzigo wa chanjani kwa hiyo pesa. Chukua daftari la kawaida, na kila oda inapoingia andika tarehe, mji, mtu huyo alikufahamu wapi, na kama ni mara yake ya kwanza au amerudi. Baada ya miezi mitatu ukiona safu ya waliorudi inarefuka, hapo tenga shilingi 20,000 au 30,000, ulipie ile video moja ambayo watu wenyewe waliisambaza zaidi, uielekeze kwenye mji mmoja tu ambako tayari una wateja, na utazame daftari linasema nini. Ikiwa safu hiyo haijarefuka, hakuna tangazo litakaloirefusha, na tutakuwa na kazi ya kutazama mzigo wenyewe.

Sokoni kwa mama yako pia urudi, angalau siku moja kwa wiki, ukiwa na simu mkononi, ukarekodi mikono ya wanunuzi ikizama kwenye gunia, kwa idhini yao na bila kuonyesha sura. Mwombe mama aeleze kwa sauti yake mwenyewe anavyomtambua dagaa wa mchanga kabla ya kumgusa. Nina hakika atakataa mara ya kwanza.

Lakini simu ya yule mama wa Dar es Salaam ndiyo ya kwanza. Ipige leo jioni, kabla hujaanza kutafuta maneno mazuri ya kusema, na uniandikie tena unieleze alikujibu nini.